Bibi wa miaka 81 na joto la 37.3: kwa nini ile ilikuwa homa

Kisa hiki ni cha bibi mmoja wa miaka 81, anaishi na mwanawe wa kiume pamoja na mjukuu wa kike ambaye ndo anamhudumia kila siku. Kazi yangu ni kufuatilia wazee wanaotunzwa nyumbani, na daftari la huyu mjukuu nilikuwa nalipitia mara kwa mara, kwa hiyo namba zote nitakazotaja nimeziona kwa macho yangu. Familia imeniruhusu nieleze ilimradi nisitaje jina la mtu wala la hospitali. Naandika kisa kizima kwa sababu kuna kitu kinaniuma hapa: kila mtu aliyempima bibi alisoma namba sahihi, vipimajoto vyote vilikuwa vizima, hakuna aliyedanganya wala aliyezembea, na bado bibi akarudishwa nyumbani akiwa na nimonia.

Kwanza tumjue bibi mwenyewe akiwa mzima. Ana presha ya miaka mingi, ana magoti yanayomsumbua, basi. Kwa presha anatumia dawa mbili na mojawapo ni zile zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kwa magoti anameza panadol mbili asubuhi na mbili usiku, imekuwa kama ratiba. Mjukuu anampima kila asubuhi kabla hajatoka kitandani na tena jioni, kipimajoto cha dijitali, kwapani, kwapa lilelile, na anaandika. Ukilifungua lile daftari unakuta asubuhi 35.9, 36.0, 36.1, 36.0, jioni 36.3 au 36.4, miezi inapita hivo hivo. Mapigo ya moyo 58 mpaka 62. Presha ya juu inacheza kwenye 140 na kitu. Huyo ndo bibi mzima, naomba uzishike hizi namba maana kisa chote kinasimama juu yake.

Ijumaa jioni bibi alikula vijiko vichache akasukuma sahani, akasema amechoka akaenda kulala mapema. Joto 36.9. Mjukuu akaandika na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Jumamosi saa 12 asubuhi anamkuta bibi amekaa pembeni ya kitanda kiatu kimoja mguuni, anasema anamsubiri dada yake waondoke, na huyo dada alishafariki zamani. Akampima, 37.3. Akamwita mjomba wake, mjomba akaangalia namba akasema hiyo siyo homa, chumba kina joto na mmemfunika mablanketi mawili usiku kucha, na hayo maneno anayosema ni uzee tu. Saa 1 bibi akapewa dawa zake kama kawaida, panadol zikiwemo. Saa 3 mjukuu roho ikamkatalia, wakampeleka kituo cha afya cha karibu. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kikasoma 36.8, mapigo ya moyo 84, presha 112 kwa 70, nesi akafurahi kabisa akasema presha yake nzuri sana leo, na joto hata 37 halijafika, hana homa huyu, mpeni maji apumzike. Mjukuu akasema, samahani dada, lakini huyu kawaida yake ni 36. Akajibiwa kwamba kawaida ya binadamu ni 37 kwa hiyo bibi yake yuko vizuri tu. Wakarudi.

Saa 9 alasiri bibi amelala haamki vizuri, akiitwa anafungua macho anayafunga, joto kwapani 37.6. Mjukuu akanipigia. Nikamwomba afanye kitu kimoja, asimguse, amtazame kifua na ahesabu pumzi kwa dakika nzima na saa mkononi. Akahesabu 28. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 hivi kwa dakika, 28 kwa bibi aliyelala ni hatari, nikamwambia waende hospitali sasa hivi na daftari alibebe. Kule wakampima joto la ndani kwa njia ya haja kubwa likawa 38.4, oksijeni kwenye damu 88 kwa 100, presha imeshuka mpaka 96 kwa 54, eksirei ikaonyesha nimonia kwenye pafu la kulia upande wa chini. Oksijeni, dripu, antibayotiki za mshipa, vyote vikaanza ndani ya saa ya kwanza.

Sasa tuanze na hiyo 37 yenyewe maana ndo iliyomrudisha bibi nyumbani. Namba hii inatoka kwa daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, wa mji wa Leipzig, ambaye mwaka 1868 alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, kazi kubwa sana kwa wakati ule kwani vipimajoto vyenyewe vilikuwa virefu na vinakaa kwapani dakika 15 au 20 ndo unasoma. Akasema joto la kawaida ni 37. Ila watu wamechukua hiyo namba moja wakaacha mengine aliyoandika, kwa sababu Wunderlich alitoa masafa, kuanzia 36.2 mpaka 37.5 aliyahesabu kuwa ni ya mtu mzima wa afya, akaeleza kwamba joto linapanda na kushuka ndani ya siku, na akasema wazee joto lao liko chini ya vijana. Yote hayo yalishaandikwa karne ya 19! Nesi aliyesema 37 ndo kawaida ya binadamu alifundishwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndo ilikuwa inamhusu bibi.

Halafu hata hiyo 37 kama wastani haijasimama vizuri. Mwaka 1992 daktari Mmarekani Philip Mackowiak na wenzake walipima vijana na watu wazima 148 wenye afya, mdomoni, mara nyingi kwa siku, wastani ukatoka 36.8. Na alipokipata kipimajoto kimoja kinachosemekana kilikuwa cha Wunderlich kilichohifadhiwa makumbusho huko Philadelphia akakijaribu, kilikuwa kinasoma juu ya ukweli kwa zaidi ya digrii moja. Mwaka 2017 utafiti mwingine wa Marekani wa wagonjwa zaidi ya 35,000 wasiokuwa na maambukizi ukatoa wastani wa 36.6, na mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford wakalinganisha vipimo vya askari waliopigana vita vya ndani vya Marekani miaka ya 1860 na vya watu wa karne hii wakaona joto la wastani limeshuka kama 0.03 kila muongo. Wao wanahisi ni kwa sababu watu wa zamani waliishi na maambukizi ya muda mrefu mwilini, kifua kikuu, fizi zilizooza, vidonda visivyopona, ingawa kuna wanaosema sehemu ya tofauti ni vipimajoto tu.

Lakini mi nakuambia hata ukimpa nesi wastani mpya wa 36.6 bado bibi angerudishwa nyumbani. Tatizo la pale kituoni halikuwa kwamba wastani ni wa zamani, tatizo ni kumpima mtu mmoja kwa wastani wa watu wengine. Umri wenyewe unashusha joto kidogo sana, ule utafiti wa 2017 ulipata kama 0.02 kwa kila miaka kumi, ni kitu kidogo, ila mtu na mtu wanatofautiana kuliko hapo, yupo mzima anayeamka na 35.9 na yupo mzima anayeamka na 36.8, na kila mmoja anabaki kwenye mstari wake mwaka mzima. Kwa yule wa 36.8, 37.3 ni kama hakuna kilichotokea. Kwa bibi huyu kutoka 36.0 mpaka 37.3 ni digrii 1.3.

Na hapo siyo maoni yangu. Chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza kwenye mwongozo wake wa 2008 wa wazee wanaoishi nyumba za matunzo wameweka njia tatu za kusema mzee ana homa. Akifika zaidi ya 37.8 mdomoni hata mara moja, ana homa. Akirudia rudia kuvuka 37.2 mdomoni au 37.5 kwa njia ya haja kubwa, ana homa. Na akipanda zaidi ya digrii 1.1 juu ya kawaida yake mwenyewe, ana homa, haijalishi namba yenyewe ni ngapi. Bibi saa 12 asubuhi alishatimiza hiyo ya tatu, yaani masaa tisa kabla mtu yeyote hajashtuka kiukweli. Ushahidi ulikuwa kwenye daftari, kilichokosekana ni mtu wa kutoa 36.0 kwenye 37.3.

Ongeza saa. Joto la mwili liko chini kabisa alfajiri, kati ya saa 10 na saa 12, na linafika juu jioni saa 10 mpaka saa 12, tofauti inaweza kufika nusu digrii au zaidi. Ndo maana Mackowiak alisema mpaka wa juu wa kawaida asubuhi ni 37.2 wakati jioni unaweza kufika 37.7. Kwa hiyo 37.3 ya saa 12 asubuhi ni nzito kuliko 37.3 ya saa 11 jioni, hata kwa kijana. Bibi alikuwa na 37.3 kwenye saa ambayo mwili unatakiwa uwe umepoa kabisa, tena imepimwa kwapani, na kwapani kwa kawaida kunasoma chini ya joto la ndani kwa nusu digrii mpaka digrii nzima. Ndani ya mwili saa ile lazima alishakaribia 38.

Hoja ya mjomba kuhusu mablanketi siyo ya kijinga, tuitendee haki. Mtu akifunikwa sana ngozi inapata joto na kwapa litasoma juu kidogo, ni kweli. Njia ya kuijibu ni rahisi, unamfunua, unampa nusu saa chumbani akiwa na nguo nyepesi, unapima tena. Kama ni blanketi itashuka, kama ni homa itabaki au itapanda. Hawakupima tena. Na kuna tofauti kubwa zaidi ndani yake ambayo watu wengi hawaijui, mwili kupashwa joto na mwili kujipandisha joto ni vitu viwili. Kwenye homa, chembe za kinga zikikutana na vijidudu zinatoa kemikali zinazofika kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, pale inatengenezwa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini na ubongo unapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Ni kama kuzungusha kile kidude cha pasi kwenda namba ya juu, pasi ileile iliyokuwa imeshapata moto wa kutosha sasa inajiona ya baridi mpaka ifike. Ndo maana mwenye homa anatetemeka na kutafuta blanketi wakati ukimgusa anawaka, mishipa ya ngozi inabana kuzuia joto lisitoke na misuli inatetemeka kutengeneza jingine. Kwenye kuzidiwa na joto la nje ubongo haujapandisha chochote, unapigana kulishusha na umeshindwa, na ndo maana panadol haina kazi pale, huyo anahitaji maji na upepo na hospitali haraka, hasa akivuka 40 na akaanza kuchanganyikiwa.

Panadol yenyewe ndo iliyotudanganya zaidi kwenye kisa hiki. Inafanya kazi kwa kuzuia ile prostaglandini, basi kidude kinarudi chini na joto linashuka, nimonia ikiwa palepale. Bibi kameza saa 1, kapimwa saa 3, na hapo kati ya saa mbili na tatu baada ya kumeza ndo dawa inashusha joto kuliko wakati wowote. Halafu kapimwa kwenye paji la uso, ambako kipimajoto kinasoma ngozi, na ngozi ya mtu aliyetoka nje penye upepo au mwenye jasho au ambaye damu yake imeshaanza kukimbilia ndani inasoma chini. Dawa imeshusha, kifaa kimeshusha, na bado 36.8 ni juu ya kawaida ya bibi saa zile. Swali la kwanza kabisa lilitakiwa liwe amemeza nini leo na saa ngapi. Halikuulizwa na familia haikulisema, kwa sababu akilini mwao zile zilikuwa dawa za magoti.

Naomba pia uangalie kosa lilelile lilivyojirudia kwenye zile namba nyingine, hapa mimi ndo nilipokaa muda mrefu zaidi nilipolipitia daftari. Mapigo 84 ni mazuri kwenye karatasi, lakini mtu anayekaa kwenye 60 kwa msaada wa dawa inayozuia moyo kukimbia, akifika 84 ujue moyo unasukuma kweli kweli, bila ile dawa pengine ungekuwa 110. Presha 112 kwa 70 ilisifiwa. Mtu wa 140 na kitu kushuka mpaka 112 bila kubadilishiwa dawa, hali kitu, mdomo mkavu, hiyo ni presha inayoanguka, na saa chache baadae ikafika 96. Joto, moyo, presha, vyote vitatu vilikuwa kwenye eneo linaloitwa la kawaida na vyote vitatu vilikuwa vimehama mbali kwa bibi huyu. Angekuwa na kimoja tu ningesema bahati mbaya.

Kwa nini basi mwili wake haukutoa 39 ya wazi kama ya kijana? Kwa wazee wenye maambukizi makali kama 20 mpaka 30 kwa 100 hawatoi homa au wanatoa ndogo sana. Misuli imepungua kwa hiyo kutetemeka hakuzalishi joto jingi, mishipa ya ngozi haibani vizuri, na kinga yenyewe inatoa zile kemikali kwa unyonge. Wengine wanashuka kabisa, mzee mwenye maambukizi akasoma 35.5 familia inashukuru Mungu joto limeshuka kumbe ni dalili mbaya kuliko 39. Kinachochukua nafasi ya homa kwao ni tabia kubadilika ghafla, kuchanganyikiwa, kulala sana, kukataa chakula, kuanguka, kujikojolea mtu ambaye hakuwa hivo. Uzee haumjii mtu usiku mmoja. Bibi Alhamisi alikuwa anakumbuka majina ya wajukuu wote, Jumamosi anamsubiri marehemu, hiyo peke yake bila kipimajoto ilitosha kumtoa nyumbani.

Watoto wachanga nao wana hesabu yao, nalitaja hili kwa ufupi kwa sababu kuna mzazi atasoma hapa akafikiri kila umri unaenda hivi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38 anapelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama ananyonya na anacheka. Mtoto mkubwa mwenye 38.5 anayekunywa na kucheza anaweza kusubiri ukimwangalia. Kwa huyo mkubwa hali yake inakuambia mengi kuliko namba.

Kwa mwenye mzee ndani, alichofanya mjukuu ndo cha kuiga, na hakihitaji miezi. Mpime akiwa mzima, siku kadhaa, asubuhi na jioni, kifaa kilekile, sehemu ileile, robo saa mpaka nusu saa mbali na kuoga au kinywaji cha moto, kabla ya dawa za maumivu na siyo baada. Andika na dawa na saa alizomeza. Ukienda hospitali usiseme tu kawaida yake ni 36, mpe daktari daftari lenyewe alisome, kwa sababu maneno ya mjukuu kituoni yalipuuzwa na karatasi ileile hospitalini ilisomwa ukurasa kwa ukurasa. Daktari wa zamu alipoona 36.0 zimepangana miezi yote ndo akaamrisha joto la ndani lipimwe badala ya kutegemea la paji la uso.

Bibi alikaa wodini wiki na siku kidogo. Siku ya tatu joto la asubuhi likarudi 36.2, oksijeni ikapanda, presha ikasimama. Akili ilichelewa, na hapa familia iliogopa upya kwa sababu namba zote zilishakuwa nzuri na bibi bado usiku anaita watu wasiokuwepo. Daktari akawaeleza kwamba kwa umri ule kuchanganyikiwa kunakoletwa na maambukizi kunaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya maambukizi yenyewe kuisha, kuwe na mwanga mchana, miwani yake avae, watu anaowazoea wawe karibu, alale usiku. Ilichukua muda huo kweli. Dawa za magoti zimebaki, ila sasa mjukuu anapima kwanza, anaandika, ndo anampa, na mjomba kajifunza kuhesabu pumzi.